Shija Wawili wa Ntuzu: Juu ya Hesabu za Watu na Kutafuta Nasaba Usukumani

Yaliyomo katika makala haya yalianza si maktabani bali penye posa. Kijana mmoja wa upande wa Bariadi alitaka kuoa, na wazee wa pande zote mbili walikwisha kukubaliana juu ya ng'ombe, hata bibi mmoja wa upande wa mwanamwali akasema kwamba babu wa babu yake aliitwa Shija. Wazee wa upande wa mume wakatazamana, kwa maana wao nao wametokana na Shija. Ikiwa ni mtu mmoja, basi vijana wale ni ndugu, na ndugu wanaojuana kwa nasaba hawaoani. Mimi nikaambiwa, kwa kuwa nimezoea vitabu, nikamtafute mtu huyo katika hesabu za zamani za Serikali. Majina yote nimeyabadili. Niliyoyaweka badala yake ni ya kawaida kabisa katika nchi ile.

Kwanza sharti nieleze kosa langu. Nilidhani hesabu ya watu ni orodha ya watu. Sivyo. Hesabu za Tanganyika za mwaka 1921, 1928 na 1931 zilitegemea zaidi makisio: watemi na wanangwa waliulizwa, daftari za kodi zikatazamwa, kisha jumla ikafanywa. Ndiyo sababu hesabu ya 1931 yatoa watu zaidi kidogo ya milioni 5, na ile ya 1948 yatoa kiasi cha milioni 7.4, si kwamba watu wote wale waliozidi walizaliwa katika miaka kumi na saba, bali wengi hawakuwa wamehesabiwa hapo kwanza. Hesabu ya 1948 ndiyo ya kwanza iliyofanywa kwa utaratibu wa kisasa, ikafuatwa na ile ya 1957, kisha ya 1967 baada ya Uhuru. Lakini taarifa zake zilizochapishwa hutaja makabila, wilaya na jinsia. Msukuma wa Ntuzu yumo humo, ila kama sehemu ya tarakimu. Na hesabu za siku hizi, hata ile ya 2022 iliyoupa Mkoa wa Simiyu watu zaidi ya milioni 2, zalindwa na sheria ya takwimu, isiyoruhusu habari za mtu mmoja mmoja kutolewa.

Mpekuzi pia asitafute mtu wa zamani chini ya jina la Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012. Bariadi kabla yake ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na zamani za Waingereza nchi ya Ntuzu ilikuwa katika Wilaya ya Maswa. Anayetafuta Bariadi katika karatasi za 1930 hatapata kitu, naye atafikiri hapakuwa na watu.

Basi iliyobaki ni daftari ya kodi. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa na Wadachi mwaka 1898, na Waingereza wakaitengenezea sheria mpya ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Mtoza kodi, tofauti na mwenye kuhesabu watu, hatosheki na tarakimu, ataka jina. Daftari moja ya namna hiyo, ya miaka ya 1930, ilikuwa imehifadhiwa katika sanduku na jamaa ya karani wa zamani wa baraza. Kurasa za mbele zimeliwa na mchwa. Wanawake hawamo, isipokuwa kama idadi ya nyumba za waume zao. Na hilo peke yake lamfunga mpekuzi nusu ya nasaba.

Humo nikamwona Shija, tena mara mbili kwa mwaka mmoja, katika magunguli mawili mbalimbali. Nilifurahi upesi mno. Niliona kwamba mtu mmoja hawezi kulipa kodi mahali pawili, kwa hiyo hawa ni watu wawili. Mzee mmoja akanicheka. Akanikumbusha kwamba mwenye wake wengi alitozwa kwa nyumba zao pia, na mwenye mji huku na mji kule aliweza kuandikwa na kila mwanangwa aliyemwona.

Hapo ndipo wanaisimu watakapoona kazi yao. Shija wa kwanza ameandikwa "Shija Mwanamabula", na wa pili "Shija Ngwa Mabula". Kwa Kisukuma yote mawili ni *ng'wana Mabula*, yaani mtoto wa Mabula. Sauti ya ng'w mwanzoni mwa neno si ya kawaida katika Kiswahili, na karani aliyefundishwa Kiswahili aliiandika kama alivyoweza: mara Mwana, mara Ngwana, mara Nwana. Kadhalika pumzi inayofuata m na n. Mhoja huweza kuandikwa Moja, na msomaji wa leo akadhani ni tarakimu iliyopotea njia. Basi tofauti ya maandishi ilikuwa tofauti ya makarani, wala si ya watu.

Je, baba mmoja? Hata hilo halina hakika. Mabula ni jina la aliyezaliwa wakati wa mvua, na mvua haikunyesha juu ya nyumba moja tu. Shija naye ni yule anayefuata pacha: wa kwanza Kulwa, wa pili Doto, kisha Shija. Ningeweza basi kuuliza kila ukoo kama wakumbuka Kulwa na Doto wakubwa wa babu yao. Lakini mtoto Usukumani aweza pia kupewa jina la babu aliyekufa, na hapo Shija haonyeshi tena pacha yeyote. Jina lililoonekana kuwa ushahidi likawa urithi.

Nilirudi mikono mitupu, nikawasomea wazee yote niliyoyaandika. Yule bibi aliniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Na Shija wenu alicheza wapi?" Upande wa mume wakajibu bila kusita kwamba alikuwa Mgalu, na dawa zake za ngoma walizijua. Bibi akasema wa kwao alikuwa Mgika, tena aliyewahi kuwashinda Wagalu kwa watazamaji. Mtu mmoja hawi katika vyama vyote viwili. Mashindano ya Bagika na Bagalu hayakuruhusu hilo. Nikasema, kwa uangalifu wa mtu wa vitabu, kwamba ndugu wawili wangeweza kuingia vyama mbalimbali. Wazee wakakubali kwamba yawezekana. Wakazungumza tena mpaka jua likapinda, wakataja makaburi, visima na njia ambazo kila Shija alikuja nazo, mmoja kutoka kusini na mmoja kutoka kando ya Ziwa.

Juma lililofuata ng'ombe wa mahari walihesabiwa, mmoja mmoja, kwa rangi zao.