Sayansi ya neva: Maana na upeo wake

SAYANSI ya neva ni taaluma inayochunguza ubongo, uti wa mgongo na neva zilizotapakaa mwilini: jinsi zilivyoumbika, zinavyokua, zinavyofanya kazi na zinavyougua.

Msingi wake uliwekwa mwishoni mwa karne ya 19. Camillo Golgi wa Italia alibuni njia ya kutia rangi seli za ubongo ili zionekane kwa darubini. Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania aliitumia njia hiyo kuonyesha kwamba kila seli ya neva hujisimamia, wala si sehemu ya wavu mmoja ulioshikana kama alivyoamini Golgi. Licha ya mvutano huo, wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Ubongo wa mtu mzima hukadiriwa kuwa na seli hizo bilioni 86, ambazo hupashana habari kwa umeme na kemikali.

Upeo wa taaluma hii ni mpana. Wapo wataalamu wanaochunguza seli moja moja, wanaotafiti kumbukumbu, lugha na hisia, na wanaotibu maradhi kama vile kiharusi na kifafa.

Kifafa ndicho kielelezo bora cha manufaa yake. Tangu jadi, maradhi haya yamehusishwa na pepo au urogi, na wagonjwa wengi wamefichwa nyumbani au kunyimwa masomo. Mwaka 1924, daktari Mjerumani Hans Berger alinasa mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu. Katika miaka ya 1930, kipimo hicho kilidhihirisha kwamba mgonjwa huanguka wakati umeme huo unapovurugika. Nchini Kenya, utafiti uliofanywa Kilifi umeonyesha kuwa malaria inayoshambulia ubongo yaweza kumwachia mtoto kifafa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 50 wanaugua kifafa, na hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitali, dawa ya bei nafuu, imetumika tangu 1912.

Hivyo basi, mzazi anayejua kuwa chanzo cha maradhi ya mwanawe ki ubongoni atampeleka hospitalini mapema, badala ya kupoteza miaka kwa waganga.