Sikio na Jicho: Habari za Kupima Kiingereza cha Wanafunzi wa Tanzania

Jina la Kariakoo, mtaa mashuhuri wa Dar es Salaam, ni ushuhuda wa kazi ya sikio. Waingereza walipoutwaa mji ule mwaka 1916, kikosi cha wapagazi wa vita, kilichoitwa Carrier Corps, kilipiga kambi mahali pale. Nao watu wakalitamka jina hilo kwa kadiri walivyolisikia, likawa Kariakoo. Nairobi nako uko mtaa uliopata jina kwa njia iyo hiyo, nao ni Kariokor. Jina hili halikutoka kitabuni, bali lilipita masikioni. Habari hii yatukumbusha ya kwamba lugha ngeni huweza kuingia kwa sikio au kwa jicho, na ya kuwa apimaye maarifa ya lugha yampasa ajue ni njia ipi anayoipima.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali, bali katika sekondari kimebaki Kiingereza. Basi mtoto aliyesoma hesabu na jiografia kwa lugha yake kwa miaka saba, akiingia Kidato cha Kwanza huyakuta masomo yale yale yamevaa nguo ngeni. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilitoa taarifa yake mwaka 1982, ikashauri Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Shauri hilo halikutekelezwa.

Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa nchi hii, tangu sekondari hata Chuo Kikuu. Njia yao moja kubwa ilikuwa kumpa mwanafunzi habari iliyoondolewa maneno hapa na pale, naye aijaze kwa kufuata maana. Nayo ni namna ya jaribio aliyoieleza Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953. Asiyeelewa asomacho hawezi kujaza, hata akiwa amekariri kanuni zote za sarufi. Matokeo yaliwashtua wengi. Katika Kidato cha Nne, wapata watu 10 tu katika kila 100 walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetazamia mafunzo kwa Kiingereza ndiyo kwanza yaanze. Katika Chuo Kikuu hawakufika 20 kwa 100 waliomudu kwa wepesi kusoma hata vitabu vyepesi vya masomo yao. Hata hivyo, wataalamu hao hawakushauri Kiingereza kiondolewe. Walitaka kitiliwe nguvu. Mwaka 1987 ukaanza mpango wa msaada wa Uingereza, ulioleta shuleni vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa daraja za ugumu.

Sasa natutafakari maana ya hesabu hizo. Sokoni Kariakoo hakuna apimaye kitambaa kwa pishi, wala mchele kwa yadi. Kila kitu kina kipimo chake. Lakini mwanafunzi aulizwapo habari za mvua au za vita vya Maji Maji kwa lugha asiyoielewa, tumepima nini? Akikosa, hatuwezi kusema kama hakujua jambo lenyewe ama hakujua swali. Nasi huandika katika karatasi yake ya kuwa ameshindwa historia, na neno hilo humfuata maisha yake yote.

Tutazame na nchi nyingine. Wachina wengi wamefika Kariakoo kwa biashara. Kwao, katika mtihani wa kuingia vyuo vikuu, Kiingereza hupimwa kwa ukali, na kwa kawaida iko sehemu ya kusikiliza mbali na ile ya kusoma. Bali hesabu na historia wanafunzi walio wengi hutahiniwa kwa Kichina. Akishindwa Kiingereza, ameshindwa Kiingereza tu. Kosa la lugha haliharibu masomo mengine.

Hatusemi kwamba Kiingereza hakifai. Wazazi wakitaka kwa watoto wao, nao wana sababu njema. Twasema tu kwamba kipimo kiwe cha haki. Mwalimu asiye na uwezo wa kubadili sera aweza kufanya mambo mawili. Kwanza, awasomee wanafunzi habari fupi kwa Kiingereza mara mbili, waieleze kwa Kiswahili. Ndipo atakapojua sikio limepokea nini. Pili, awape habari nyingine waisome kimya na kuieleza vivyo hivyo, ajue na jicho limeona nini. Atakaowakuta wazito wa lugha asiwahesabu kuwa wazito wa akili. Wahenga walisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Na haki ya kwanza ya mwanafunzi ni kuulizwa kwa namna ambayo aweza kusikia.