Goitein: Methali Kabla ya Nyaraka

Wanaomsimulia mwanahistoria Shelomo Dov Goitein huanzia Geniza, ile stoo ya sinagogi la Ben Ezra huko Fustat, Kairo ya kale, ambamo Wayahudi waliweka karatasi chakavu kwa karne nyingi, wakichelea kulitupa jina la Mungu jalalani. Kwa maoni yangu, wanachelewa kuanza.

Karatasi zenyewe zilikwishafika Cambridge tangu 1897, msomi Solomon Schechter alipohamisha vipande zaidi ya 190,000. Lakini Schechter alikuwa akisaka matini ya Kiebrania ya kitabu cha Ben Sira na maandishi ya marabi. Barua za wafanyabiashara na hati za mahari hazikumkosesha usingizi. Nyingi kati ya hizo ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Aliyewahi kushika utenzi wa Lamu ulionakiliwa kwa hati ya Kiarabu anaujua mtego huu: mwenye herufi bila lugha atatamka asichokielewa, na mwenye lugha ya vitabuni peke yake atakwama kwenye lugha ya sokoni.

Goitein hakukwama, na sababu naiona Yerusalemu. Mzaliwa huyu wa Bavaria (1900), aliyesomea Kiarabu Frankfurt, alihamia Palestina mwaka 1923. Huko aliketi na Wayahudi waliotoka Yemen, akasikiliza, akaandika. Mwaka 1934 akachapisha mkusanyo wa methali na misemo yao, *Jemenica*. Geniza ilimvuta mwishoni mwa miaka ya 1940, baada ya kukutana na nyaraka zake Budapest, naye akikaribia miaka 50.

Mtu atapinga kwamba lahaja ya Yemen ya karne ya 20 si Kiarabu cha Fustat cha karne ya 11. Kweli. Ila methali hazikumpa msamiati tu. Zilimzoeza kuuliza nani anamwambia nani, na kwa nini salamu imerefushwa kabla ya deni kutajwa. (Mswahili hahitaji kufundishwa hilo.) Ndiyo maana juzuu tano za *A Mediterranean Society*, kazi yake kuu juu ya nyaraka za Geniza, zilizoanza kutoka 1967 alipokuwa Marekani, zina watu wanaonung'unika, wanaobembeleza na wanaodaiana. Usikivu huo una gharama yake: nadhani mara nyingine aliwapenda mno watu wake, akaona maelewano mahali ambapo mahakama za siku zile zilikuwa na kazi nyingi.

Alifariki 1985 akiwa hajakamilisha kitabu cha biashara ya Bahari ya Hindi. Mordechai Friedman alikikamilisha, kikatoka 2008. Humo yumo Abraham Ben Yiju, mfanyabiashara wa karne ya 12 aliyekuwa na karakana ya shaba katika pwani ya Malabar, Uhindi. Kutoka Aden wenzake walimpelekea barua za hesabu, na pamoja nazo zawadi: sukari, zabibu kavu, na karatasi, kwa kuwa kule alikokuwa karatasi nzuri ilikuwa adimu.