Fomu za Bethel, 1940

Tutajapo wajibu wa daktari, hukumbuka kisu na sindano, kalamu twaisahau. Mwezi wa Juni 1940 fomu za serikali zilifika Bethel, Ujerumani, mahali walikotoka wamisionari wa Usambara na Bukoba. Zilitaka ugonjwa wa kila mgonjwa na uwezo wake wa kufanya kazi. Hazikutaja kifo, lakini kufikia Agosti 1941 wagonjwa wapatao 70,000 nchini humo walikuwa wameuawa kwa gesi.

Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, mkuu wa Bethel, alikataa zisijazwe. Mwenzake, Mchungaji Paul Gerhard Braune, aliandika waraka wa kupinga mauaji hayo, akatiwa kifungoni Agosti 1940.

Hata hivyo, tusifu kwa kiasi. Sheria ya Julai 1933 ya kuwafunga uzazi wagonjwa kwa lazima ilitiiwa papo hapo Bethel, na waliopasua walikuwa madaktari wake wenyewe. Ilikuwa sheria halali, nao waliiona hivyo.

Katika kesi ya madaktari huko Nuremberg, 1946-1947, washtakiwa 16 kati ya 23 walionekana na hatia. Waliojaza fomu mahospitalini hawakuwamo kizimbani.