Misa ya Njia Panda: Milano Wakati wa Tauni

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipofika kwetu Kongo, serikali ilikataza mikutano ya sala tangu tarehe 19 Machi. Pasaka ya tarehe 12 Aprili mapadri waliisoma Misa katika makanisa matupu, nao Wakristu wakaifuata kwa redio. Milango haikufunguliwa tena kwa watu wote mpaka sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, tarehe 15 Agosti. Katika miezi ile wengi walinung'unika wakisema: «Watakatifu wa zamani hawakuogopa. Mtakatifu Carlo Borromeo alifanya maandamano katikati ya tauni!» Neno hilo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Basi, ndugu wasomaji, tuisikie yote, maana Carlo ndiye msimamizi wetu sisi makatekista, wala haifai kumsemea yasiyo yake.

Carlo alizaliwa Arona, Italia ya kaskazini, mwaka 1538. Mjomba wake, Papa Pius IV, alimfanya Kardinali akiwa na miaka 21 tu, na mwaka 1564 akawa Askofu Mkuu wa Milano. Habari ya seminari zake na mafunzo ya dini aliyowapangia watoto tuiache kwa siku nyingine.

Tauni iliingia Milano mwezi wa Agosti 1576. Mji ule ulikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Liwali wake aliondoka, na matajiri wengi wakakimbia vilevile. Carlo alikuwa safarini Lodi, kwa maziko ya askofu wa huko. Aliposikia habari alirudi mbio, akaandika wasia wake kama mtu anayengoja kufa. Kisha akaamuru mapazia na vitambaa vya jumba lake vikatwe, vishonwe nguo za maskini.

Wagonjwa walipelekwa Lazareto, nje ya mlango wa mashariki wa mji. Ilikuwa uwanja mkubwa wa mraba, uliozungukwa na vyumba 288 vyenye milango inayotazama katikati. Humo watawa Wakapuchini waliwatunza. Carlo mwenyewe aliingia kwa wagonjwa na kuwapa masakramentu, lakini hakuwa mtu wa kujaribu Mungu: barabarani alishika fimbo ili wazima wasimkaribie.

Mwanzoni mwa Oktoba yakafanyika maandamano. Wakuu wa mji walikuwa na hofu, lakini Carlo alishikilia neno lake. Alitembea miguu mitupu, kamba shingoni kama mwenye hatia, akibeba msalaba wenye Msumari Mtakatifu unaoheshimiwa katika kanisa kuu la Milano. Wachoraji walichora sana jambo hilo, na kwa ajili hiyo watu wanalikumbuka hilo tu.

Mwisho wa mwezi uleule likatoka agizo la karantini: kila mtu abaki nyumbani mwake. Askofu hakusema kwamba amri hiyo inapigana na dini. Aliwaza namna nyingine. Watu wasipoweza kwenda kwenye Misa, Misa iwaendee! Altare zikajengwa kwenye njia panda, na padri akaadhimisha huko chini, hali watu wanasali madirishani na milangoni. Muungamishi alipita mtaa kwa mtaa na kiti chake kidogo, akaketi kizingitini. Mwenye kuungama alibaki ndani. Mara saba kwa siku kengele zililia. Hapo mmoja alianza litania au zaburi, nao wa nyumba za huku na za ng'ambo wakaitikia, kila mmoja dirishani pake. Mimi nadhani watu wengi wa Milano hawakuwahi kusali pamoja namna hiyo walipokuwa wanaweza kwenda kanisani kila siku.

Tauni ilitangazwa kwisha Januari 1578. Katika mji ule waliokufa walikuwa kama 17,000.

Miaka hamsini na zaidi ikapita, tauni ikarudi mwaka 1630. Askofu Mkuu alikuwa Federico Borromeo, binamu wa Carlo. Safari hii wakuu wa mji ndio waliotaka maandamano, wabebe mwili wa Mtakatifu Carlo barabarani. Federico alikataa, akiogopa kwamba mkutano mkubwa utaeneza ugonjwa. Walimsihi tena, akakubali. Tarehe 11 Juni watu walijaa barabara zote, na siku zilizofuata vifo viliongezeka sana. Mwaka ule Milano ilipoteza karibu nusu ya watu wake. Anayetaja maandamano ya 1576, ataje na haya.

Tusiwacheke, maana hakuna aliyejua asili ya ugonjwa. Bakteria ya tauni ilionekana mara ya kwanza mwaka 1894 tu, Alexandre Yersin alipoichunguza Hong Kong. Baadaye ikajulikana kwamba viroboto wa panya huileta. (Wenzetu wa Ituri wanaijua tauni bila kusoma kitabu cha Milano.) Lakini sisi tunajua. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 hata Juni 2020, tulinawa mikono mlangoni pa kanisa na kuacha kupeana mikono ya amani. Wako walioita hayo upungufu wa imani. Ugonjwa ule uliua watu 2,287, na wengi waliambukizwa kwa kumgusa mgonjwa au maiti wa ndugu yao, yaani kwa upendo.

Baada ya tauni yake, Carlo aliagiza kanisa jipya katikati ya Lazareto, na Pellegrino Tibaldi akachora ramani. Lilikuwa na pande nane, nguzo na matao bila kuta, ili mgonjwa aliyelala katika chumba chochote aione altare kutoka mlangoni pake. Lazareto ilibomolewa katika karne ya 19. Kanisa lile lingali Milano, lakini sasa matao yamezibwa, maana hakuna tena vyumba vya kulitazama.