Moshi Ulioleta Kompyuta Garini

Mwezi Julai 1943 mji wa Los Angeles ulifunikwa na ukungu wa rangi ya kahawia, uliochoma macho na kukaba koo. Marekani ilikuwa vitani na Japani, na wapo wakazi waliodhani adui amemwaga gesi ya sumu. Baadaye lawama ziliangukia kiwanda kimoja cha katikati ya mji kilichotengeneza malighafi ya mpira wa bandia. Kikafungwa kwa muda. Ukungu haukuondoka.

Aliyefumbua fumbo hilo hakuwa mtu wa magari. Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa akifundisha katika chuo cha Caltech mjini Pasadena, na utafiti wake ulihusu kinachoipa nanasi harufu na ladha yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliombwa auchunguze ukungu kwa mbinu zilezile alizotumia kwa mananasi. Miaka michache baadaye akaonyesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua, ukichanganyika na oksidi za nitrojeni zinazotoka kwenye eksozi kisha ukapigwa na jua kali, huzaa ozoni. Ozoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikipasua matairi, na mchanganyiko huohuo ndio uliowatoa watu machozi. Wenye viwanda vya mafuta walimbishia kwa miaka, wakagharimia utafiti wa kumpinga. Mwaka 1968 akawa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya California inayosimamia usafi wa hewa.

Wengi wakisimulia jinsi programu za kompyuta zilivyoingia garini huanza na skrini kubwa na magari yanayojiendesha. Kwangu hiyo ni sura ya mwisho ya kisa. Kompyuta haikuingia garini kwa ajili ya starehe. Iliingia kwa sababu ya moshi, na ikaingia kwa amri ya sheria.

Kabla yake, aliyeamua injini inywe mafuta kiasi gani ni kabureta. Hewa ikipita kwenye koo lake jembamba huongeza kasi, mgandamizo hushuka, na petroli hufyonzwa kupitia tundu dogo. Ukubwa wa tundu ndio uamuzi wenyewe. Fundi aliweza kulishika mkononi, akalitazama dhidi ya mwanga, akalisafisha au akageuza skrubu. Lakini tundu halijui kama injini imepoa au imepata moto, wala kama gari liko Mombasa usawa wa bahari au Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu. Hutoa kile lilichochongwa kutoa.

Siku ya mwisho ya mwaka 1970 Rais Richard Nixon alitia saini sheria ya hewa safi iliyowataka watengenezaji wa magari wapunguze sehemu kubwa ya sumu za eksozi kwa asilimia 90 katika miaka michache tu. Detroit, makao ya watengenezaji hao, ililia kwamba haiwezekani, na muda ukasogezwa zaidi ya mara moja. Dawa iliyopatikana ni katalisti, ile sehemu ya eksozi ambayo mafundi wetu huiita masega, kwa kuwa ndani yake mna vitundu vingi vilivyopakwa madini ghali kama platinamu na rodiamu. Masega mazuri zaidi huweza kuzimaliza sumu tatu kwa pamoja, ila yana sharti gumu: kila kilo 1 ya petroli iungue na takriban kilo 14.7 za hewa. Ukizidisha petroli, sumu mbili zinapita. Ukipunguza, inapita ya tatu. Gari linapanda mlima, linasimama kwenye taa, linaondoka kwa kasi, na muda wote huo uwiano uwe uleule. Skrubu haiwezi kazi hiyo.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikuja na sensa ya oksijeni, kitu chenye umbo la plagi kinachokaa ndani ya eksozi na kutoa umeme mdogo usiofika volti 1. Umeme huo hupanda mafuta yakizidi na kushuka yakipungua. Volvo ndiyo iliyotangulia kuifunga, katika magari yake ya mwaka 1977 yaliyopelekwa California. Mwanzoni sensa ilisomwa na saketi za kawaida. Lakini wakati huohuo kompyuta ya chipu moja ilikuwa imeshuka bei, na watu wa Detroit wakaanza kuijaribu. General Motors iliweka moja kwenye Oldsmobile Toronado ya 1977 kupanga wakati wa cheche. Ford ikashirikiana na Toshiba ya Japani. Kufikia 1981, General Motors ilikuwa imeweka kompyuta ya kusimamia injini katika karibu kila gari dogo la petroli ililouza Marekani. Programu yake inakadiriwa ilikuwa na mistari kama 50,000. Kwa gari la kifahari la leo, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni mistari milioni 100.

Mabadiliko hayo yalipita kimya, na nadhani ndiyo makubwa kuliko yote yaliyofuata. Uamuzi ulihama kutoka kwenye tundu la shaba na kwenda kwenye jedwali la namba. Mhandisi huketi na jedwali hilo miezi kadhaa: injini ikizunguka kasi hii, ikibeba mzigo huu, nozeli inayopulizia petroli ifunguke kwa milisekunde hizi. Fundi akifungua boneti haoni jedwali. Anaona boksi la bati lililofungwa na waya nyingi.

Watengenezaji waliacha kidirisha kidogo. Katika Toyota za miaka ya 1980 na za mwanzoni mwa miaka ya 1990, fundi wa umeme alichukua kipande cha waya akaunganisha vituo viwili, TE1 na E1, ndani ya kiboksi kilicho karibu na injini. Kisha aliwasha swichi na kuhesabu taa ya injini inavyopepesa. Mipepeso miwili, kimya kidogo, mpepeso mmoja: 21, sensa ya oksijeni. Ni mazungumzo ya kibubu, lakini yalitosha, na hayakuhitaji kununua chochote.

Shida ni kwamba kila kampuni ilikuwa na mazungumzo yake. California tena ndiyo iliyolazimisha lugha moja, na sababu ilikuwa ileile: mkaguzi wa moshi alitaka kulisoma gari lolote bila kumuuliza aliyelitengeneza. Kuanzia magari ya mwaka 1996, kila gari dogo jipya la Marekani lilipaswa kuwa na plagi ya pini 16 chini ya usukani. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ndiyo maana mashine moja ndogo ya kusoma makosa, inayouzwa Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam, huweza kufungua siri za magari ya nchi nyingi. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani huwa na plagi hiyohiyo, ingawa si yote yanayojibu unapoyauliza, kama fundi yeyote wa Dar es Salaam atakavyokuambia.

Huko Ujerumani tatizo lilikuwa jingine. Bosch ilikuwa imeshatoa breki zisizokwama, zilizofungwa kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978, na kila kifaa kipya kilikuja na kompyuta yake. Kila kompyuta ilitaka habari za mwenzake, na kila habari ilitaka waya wake. Mabunda ya nyaya yakawa mazito na ghali, na yakaanza kuwashinda waliokuwa wakiyapitisha ndani ya bodi. Mwaka 1983 wahandisi wa Bosch walianza kubuni njia ya kuwaunganisha wote kwa nyaya mbili tu, na Februari 1986 wakaitangaza Detroit kwa jina la CAN.

Inafanya kazi kama baraza la wazee. Hakuna ujumbe unaotumwa kwa mtu mmoja. Kila anenalo mmoja husikiwa na wote, na kila mmoja huchukua linalomhusu. Wawili wakianza kusema pamoja, mwenye namba ndogo huendelea na mwenzake hunyamaza, hivyo habari za breki hutangulia zile za kioo cha dirisha. Ni ubunifu wa kupendeza, na karibu kila gari lililo barabarani leo linautumia. Ila baraza hilo halimuulizi msemaji yeye ni nani. Wabunifu wake hawakuwa na sababu ya kuliuliza hilo mwaka 1986: nani angeingia ndani ya waya za gari?

Jibu lilikuja Julai 2015. Watafiti wa usalama wa kompyuta Charlie Miller na Chris Valasek, wakiwa nyumbani na kompyuta zao, waliingia kwenye Jeep Cherokee iliyokuwa ikienda kasi katika barabara kuu karibu na mji wa St. Louis. Walipitia mtandao wa simu uliounganishwa na redio ya gari, wakafika kwenye CAN, wakaizuia nguvu ya injini isifike kwenye magurudumu huku mwandishi wa habari, aliyekubali jaribio hilo, akiwa kwenye usukani. Magari milioni 1.4 yaliitwa kurekebishwa.

Kabla ya hapo, programu ilikuwa imekwisha kugusa hata umbo la gari. Oktoba 1997, mwandishi wa jarida la Uswidi aliijaribu Mercedes-Benz A-Class mpya, gari fupi lililoinuka juu, kwa kuipindisha ghafla kama dereva anayemkwepa mnyama mkubwa barabarani. Ikapinduka. Mercedes ilirekebisha sehemu za chini, lakini zaidi ya yote ikaamua kwamba kila A-Class iwe na mfumo wa kompyuta unaoshika breki ya gurudumu moja moja gari linapoanza kuteleza, kitu ambacho hadi wakati huo kiliwekwa kwenye magari ya matajiri. Tangu hapo mchoraji wa magari akitaka gari refu kwenda juu ana mtu wa kumtegemea, na mtu huyo ni mwandishi wa programu.

Sasa turudi kwenye moshi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walitoa matokeo ya kazi iliyoonekana ndogo. Walifunga vipimo nyuma ya magari machache ya dizeli na kuyaendesha barabarani badala ya kuyapima maabara. Moja, Volkswagen Passat, waliliendesha kutoka Los Angeles hadi Seattle. Barabarani Volkswagen mbili kati yake zilitoa oksidi za nitrojeni mara nyingi kupita kiwango cha sheria. Zikipimwa maabara, zilikuwa safi.

Bodi ya California ililishika jambo hilo. Maabara yake ya mji wa El Monte, iliyobeba jina la Haagen-Smit, iliendelea kupima na kuuliza, na kampuni ikaendelea kutoa maelezo yasiyolingana. Septemba 2015 Volkswagen ilikiri. Ndani ya programu ya injini kulikuwa na maelekezo ya kutambua mtihani: je, usukani umetulia huku magurudumu yakizunguka? Mwendo na muda vinafuata ratiba ya wakaguzi? Ikiwa ndivyo, safisha moshi. Ikiwa sivyo, acha. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo, na katika baadhi yake uchafu wa barabarani ulifika mara 40 ya kiwango. Mkurugenzi mkuu, Martin Winterkorn, alijiuzulu mwezi huohuo. Hasara imepita euro bilioni 30.

Udanganyifu wa viwanda si jambo geni. Kilichonishangaza ni mahali ulipofichwa. Kabureta iliyochezewa ingeonekana na mwanafunzi yeyote wa gereji. Hapa gari lilipita ukaguzi kwa miaka mbele ya wataalamu, kwa sababu uongo ulikuwa kwenye jedwali la namba ambalo mwenye gari hakuruhusiwa kulifungua. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani, kuivunja kufuli ya programu ya gari lako mwenyewe kulikuwa kosa. Ruhusa ya kufanya hivyo kwa ajili ya matengenezo na uchunguzi ilitolewa Oktoba 2015, mwezi mmoja baada ya kashfa.

Wakati huo Tesla ilikuwa imeshawazoesha wateja wake jambo jingine: gari hubadilika baada ya kununuliwa. Mei 2018 jarida la Consumer Reports lilipima breki za Model 3, likaona kutoka mwendo wa kilomita 97 kwa saa gari linahitaji mita 46 kusimama, mbaya kuliko pikapu kubwa ya Ford. Siku chache baadaye kampuni ilituma programu mpya kupitia intaneti. Gari lilelile, likiwa na breki zilezile, likasimama kwa mita 6 pungufu. Watu walishangilia, na walikuwa na haki. Ila anayeweza kuurefusha au kuufupisha umbali wa gari kusimama akiwa mbali ana mamlaka ambayo muuza magari hajawahi kuwa nayo.

Mwaka 2020 wapiga kura wa Massachusetts waliamua, kwa wingi wa robo tatu, kwamba habari ambazo gari hutuma kiwandani bila waya zipatikane pia kwa mwenye gari na fundi wake. Watengenezaji wakaenda mahakamani mwezi huohuo. Subaru na Kia zikachagua njia fupi zaidi: kwa wanunuzi wa jimbo hilo, zikazima mawasiliano hayo kwenye magari mapya.

Kwetu mambo haya hufika yakiwa na umri. Kenya hairuhusu gari lililotumika lililozidi miaka 8, na Toyota ilianza mwaka 2015 kueneza kamera ya usalama nyuma ya kioo cha mbele, inayotazama mistari ya barabara na kushika breki yenyewe. Magari hayo sasa yako Nairobi na Mombasa, na vioo hupasuka kwa mawe kama vilivyopasuka zamani. Fundi akishabandika kioo kipya, kamera inapaswa kuelekezwa upya: ubao wenye alama husimamishwa mbele ya gari kwa umbali uliopimwa, na mashine huielezea kompyuta mbele ni wapi. Mashine ya kazi hiyo ni ghali mara nyingi zaidi ya kile kisomeo kidogo cha Kirinyaga Road, na gereji nyingi bado zinabandika kioo tu.