Kutoka msumeno wa shimo hadi chenso: kila kifaa cha usalama kina sababu yake



Msimu wa kuvuna miti ukianza, napigiwa simu za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuuliza bei ya mbao. Ya pili siipendi: kuna mtu amekatwa. Kijana mmoja katika kata ninayoihudumia alikuwa anaondoa matawi ya msindano uliokwisha kulala chini. Mti ulishaangushwa salama na watu walishaanza kupumua. Ncha ya chenso ikagusa tawi lililojificha upande wa pili, mashine ikaruka na kumpata pajani. Alipona, ila hadi leo anachechemea, na baba yake aliuza miti michanga kwa bei ya hasara ili alipe matibabu. Nilipoiangalia ile mashine ya kukodi, breki ya mnyororo ilikuwa imeng'olewa.

Kwa hiyo leo, kabla ya maelekezo, nawapa historia fupi. Ukijua kifaa kilitoka wapi, hutakiondoa kirahisi.

Enzi za watu wawili

Wazee wetu walipasua mbao kwa msumeno wa shimo. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu, mwenzake anaingia chini, wanavuta na kusukuma kutwa nzima. Kukata magogo vipande kulifanywa kwa shoka au kwa msumeno mrefu wenye mpini kila upande. Kazi ilikuwa ya kuchosha na mbao chache. Lakini ilikuwa na jambo moja jema: hakuna aliyekuwa peke yake. Gogo likianza kubana au kusogea, mwenzako ameona.

Nchini kwetu, majaribio ya kupanda miti Sao Hill, Mufindi, yalianza 1939, na upandaji mkubwa ulifanyika kuanzia miaka ya 1960. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilipoanza kazi 1985, magogo yalihitajika kwa wingi. Baadaye wakulima wa Mufindi, Njombe na Makete nao wakajaza mashamba yao misindano na milingoti. Miti ikawa mingi, na chenso ikaingia hadi kijijini.

Mashine ilivyopungua uzito

Chenso yenyewe ilianzia mbali. Mwaka 1926 Mjerumani Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme kwa ajili ya kukata magogo vipande. Mwaka 1929 akatoa wa petroli. Ulikuwa na uzito wa kilo 46 hivi na ulibebwa na watu wawili. Ilipofika 1950 kampuni yake ikatoa wa kutumiwa na mtu mmoja, kilo 16. Mwaka 1959 ukaja mwingine wa kilo 12 hivi.

Mnyororo nao ulibadilika. Meno ya zamani yalikuwa yanakwaruza tu na kuisha makali upesi. Mwaka 1946 Mmarekani Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, alimwangalia buu la mbawakawa akitafuna kisiki. Aliona taya zake zinakata kushoto na kulia, na mti unaliwa bila shida. Akatengeneza mnyororo wenye meno ya kukata pande mbili, na 1947 akaanza kuuza. Minyororo tunayotumia leo inafuata wazo hilo.

Mashine ikawa nyepesi, kali na ya mtu mmoja. Mnyororo wa chenso ya leo hupita kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde au zaidi. Yule mwenzako wa kuona hatari akaondoka, na majeraha yakaongezeka. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1970 watengenezaji wakaanza kuweka breki ya mnyororo: kile kinga cha mbele ya mkono wa kushoto, ambacho mashine ikiruka kinasukumwa na mnyororo unasimama mara moja. Zipo pia suruali za kinga zenye nyuzi ndefu ndani, ambazo mnyororo ukizigusa zinajisokota kwenye mashine na kuisimamisha. Mwaka 1998 Shirika la Kazi Duniani likatoa mwongozo wa usalama na afya katika kazi za misitu.

Kwa hiyo anayeng'oa breki ili mashine "isimsumbue" amejirudisha nyuma zaidi ya miaka 50. Tofauti ni kwamba wale wa zamani hawakuwa nayo, yeye ameitupa.

Kuondoa matawi

Wengi huogopa mti unapoanguka, kisha wanalegea ukishalala. Hapo ndipo panahitaji utulivu.

1. Simama upande wa kushoto wa shina ukitazama kileleni, anza chini kwenda kileleni. Shina likae kati ya mguu wako na mnyororo. Kama ni mteremko, simama upande wa juu.
2. Shika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikiwa kimezunguka mpini.
3. Usihamishe miguu mnyororo ukiwa upande wako. Kata, pitisha mashine upande wa pili wa shina, ndipo upige hatua.
4. Usiguse kitu kwa robo ya juu ya ncha ya bapa. Hapo ndipo mashine inaporukia.
5. Matawi ya chini yaliyobeba mti yaache mwisho. Ukiyakata mapema, gogo linabingirika.
6. Tawi lililopinda lina nguvu kama upinde. Lipunguze kidogo kidogo upande wa ndani wa mpindo, usilikate kwa mkupuo.

Kukata magogo vipande

Kabla ya kuwasha, soma gogo. Jiulize: limeegemea wapi?

Kama limeegemea ncha zote mbili na katikati linaning'inia, juu panabanwa na chini panavutwa. Anza juu, kata kama theluthi moja, kisha malizia kutoka chini.

Kama limeegemea upande mmoja na mwingine unaning'inia, mambo yanageuka. Anza chini theluthi moja, malizia kutoka juu.

Ukikosea, bapa linabanwa au gogo linachanika. Mfanyabiashara, hili linakuhusu pia: gogo lililochanika halitoi mbao kamili ya futi 12. Pima kwanza, weka alama, acha nyongeza ya inchi chache, ndipo ukate. Tumia kabari ya mbao au plastiki, si ya chuma. Na kwenye mteremko asiwepo mtu yeyote chini ya gogo.

Kabla ya kukodi mashine

Mwenye mti na mnunuzi, msiseme "fundi atajua mwenyewe". Kagueni haya pamoja naye:

- Breki ya mnyororo ipo na inafanya kazi.
- Ekseleta ikiachiwa, mnyororo unasimama wenyewe.
- Mnyororo umenolewa na haujalegea.
- Fundi ana kofia ngumu, kinga ya macho na masikio, buti imara na, ikiwezekana, suruali ya kinga.
- Kuna mtu wa pili, akae mbali na mnyororo lakini amwone. Awe na simu, kitambaa safi cha kukandamiza jeraha, na ajue usafiri utapatikana wapi.

Msipatane malipo kwa idadi ya magogo tu hadi fundi akimbizane na jua. Mtu aliyechoka na mwenye haraka ndiye anayekatwa. Na kibali cha kuvuna ulizieni ofisi ya misitu ya wilaya kabla ya mashine kufika shambani.

Msumeno wa shimo hatuurudii. Ila ule utaratibu wa watu wawili, mmoja anakata na mmoja anaangalia, tuurudishe. Haugharimu kitu ukilinganisha na paja la kijana.

Kazi njema, na mvune salama.